Garrincha alimpiga chenga kila beki, chupa ikamkaba yeye

Ukienda Kilambo msimu wa korosho, harufu inakupokea kabla ya watu. Ni harufu ya mabibo yaliyoiva na kudondoka chini ya mikorosho, njia nzima mpaka unapofika kwenye kivuko cha Ruvuma. Korosho zinakwenda mnadani, mabibo yanabaki. Yakikamuliwa yanakuwa uraka, na uraka ukipikwa unakuwa nipa. Basi hapo pesa ya msimu imeingia, kinywaji kipo tele na jioni kuna mechi ya kugombea mbuzi. Mbuzi akishaliwa, lazima apate cha kumshushia.

Kila timu ya vijijini kwetu huku Mtwara ina winga mmoja ambaye watu wote wanamjua. Mwembamba, miguu ya ajabu ajabu, mpira umeganda kwenye kidole. Kabla ya mechi anapewa kikombe cha kumtoa aibu, baada ya mechi anapewa vingine vitano vya pongezi. Hakuna anayemnunulia sahani ya wali. Ukirudi baada ya misimu michache unamkuta amekaa kwenye benchi la kilabuni, macho mekundu, mikono inatetemeka asubuhi mpaka apate ya kutolea lock. Wanaopita wanamsikitikia kidogo kisha wanaagiza ya kwao.

Ng'ambo ya mto ni Msumbiji, na kule wanaongea Kireno. Kwa lugha hiyohiyo, upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, alizaliwa winga mkubwa kuliko wote waliowahi kupiga chenga katika Kombe la Dunia. Na yeye aliishia kwenye benchi hilohilo. Vijana wa leo wanamjua Pelé, wanamjua Ronaldinho, wanamjua Neymar. Garrincha wanamsikia kwa mbali tu. Leo nimeona tumzungumze, na nitamzungumza kwa upande ambao makala nyingi za mpira zinaupitia mbio mbio: kwamba jamaa alikuwa mgonjwa, watu walimwona anaumwa kwa zaidi ya miaka 20, na nusu yao walidhani ni vituko.

Jina lake kamili ni Manuel Francisco dos Santos. Alizaliwa Oktoba 1933 huko Pau Grande, kijiji cha kiwanda cha nguo kwenye wilaya ya Magé, nje kidogo ya jiji la Rio de Janeiro. Garrincha ni jina la ndege mdogo wa porini, kitu kama shore wetu, na aliyempa jina hilo ni dada yake kwa sababu ya udogo wake. Mguu wa kulia ulikuwa umepinda kuingia ndani, wa kushoto umepinda kutoka nje na mfupi kwa sentimita kama sita. Ukimwangalia amesimama unaona kama upepo umempiga ubavuni na bado haujaisha.

Kiwanda ndicho kilikuwa kila kitu pale. Ndicho kilichotoa nyumba, mshahara na uwanja wa mpira. Baba yake, mzee Amaro, alikuwa mlinzi wa kiwanda na alikuwa mnywaji wa kutisha. Kinywaji chenyewe kilikuwa kashasa, pombe kali inayopikwa kutokana na miwa. Huku kwetu tungeiita gongo na tusingekosea sana. Mwandishi Ruy Castro, aliyetoa kitabu kikubwa cha maisha ya Garrincha mwaka 1995, anaeleza kwamba katika familia ile watoto wachanga walipewa kashasa iliyochanganywa na asali na mdalasini, iwe dawa ya kila kitu. Kwa hiyo mtoto yule alionja kabla hajajua kutembea.

Nakitaja hicho kwa sababu wapo wanaosema mlevi amejitakia. Wataalamu wa siku hizi wanajua kwamba uraibu unafuata damu: mtoto wa mzazi mlevi yuko kwenye hatari kubwa kuliko mwenzake. Na anayeanza kunywa akiwa mdogo yuko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa ubongo unakuwa bado unajengwa. Garrincha alibeba vyote viwili kabla hajavaa kiatu cha mpira.

Akiwa na miaka 14 akaingia kiwandani. Alikuwa mfanyakazi mbovu, anasinzia, anatoroka kwenda kuvua samaki. Walimvumilia kwa sababu ya mpira. Hapa ndipo ilipoanza tabia iliyomfuata maisha yote: alisamehewa kila kitu ili mradi Jumapili acheze.

Botafogo walimchukua mwaka 1953, tayari ana mke na mtoto. Siku ya majaribio aliwekwa dhidi ya Nílton Santos, beki wa timu ya taifa, na simulizi ya Botafogo mpaka leo ni kwamba alimpiga tobo na Nílton akawaambia viongozi wamsajili haraka asije akakutana naye tena akiwa na jezi nyingine. Mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bonsucesso, akafunga mabao matatu. Staili yake ilikuwa moja na kila beki aliijua. Anasimama na mpira, anayumba kushoto, beki anayumba naye, halafu anatoka kulia. Mara zote kulia. Beki anajua anakwenda kulia, uwanja mzima unajua, na bado anapita.

Kabla ya Kombe la Dunia la 1958 Brazil walicheza mechi ya kirafiki na Fiorentina kule Italia. Garrincha alipiga chenga mabeki, akampiga chenga kipa, goli likabaki tupu. Badala ya kufunga akamsubiri beki arudi, akampiga tena, ndipo akautembeza mpira ndani. Makocha wakanuna. Mwanasaikolojia wa timu, João Carvalhaes, naye alishampima akamwona hafai kwa mashindano makubwa, ana akili ya mtoto. Mechi mbili za kwanza Uswidi hakucheza. Ya tatu, dhidi ya Usovieti tarehe 15 Juni, akaingizwa pamoja na kinda wa miaka 17 anayeitwa Pelé. Dakika tatu za mwanzo za mechi ile bado zinatajwa kuwa kali kuliko zote katika historia ya kandanda. Shuti lake liligonga mwamba, la Pelé likagonga mwamba, kisha Vavá akafunga. Fainali wakawapiga wenyeji 5-2, mabao mawili ya mwanzo yakitoka kwa krosi zake kutoka kulia. Brazil haikupoteza hata mechi moja ambayo Garrincha na Pelé walicheza pamoja.

Lakini ule wa 1962 nchini Chile ndio ulikuwa mwaka wake. Pelé aliumia mechi ya pili, watu wakajua Brazil imekwisha. Garrincha akaibeba. Robo fainali, tarehe 10 Juni pale Viña del Mar, walikutana na Uingereza. Akafunga kwa kichwa, yeye mfupi yule. Akapiga faulo, kipa akatema, Vavá akamalizia. Akafunga la tatu kwa shuti la kuzungusha kutoka nje ya boksi. Ikaisha 3-1.

Katika mechi ile mbwa aliingia uwanjani. Wachezaji wakamkimbiza, Garrincha mwenyewe akajaribu kumkamata mbwa akampiga chenga, uwanja ukaangua kicheko. Aliyefanikiwa ni mshambuliaji wa Uingereza, Jimmy Greaves, aliyepiga magoti akamvuta mbwa taratibu, akambeba. Mbwa akamkojolea Greaves jezi nzima. Baada ya mechi wachezaji wa Brazil wakampigia kura yule mbwa, akaangukia kwa Garrincha, akaenda naye nyumbani.

Mshikilie huyo Greaves, tutarudi kwake. Ndani ya uwanja mmoja siku ile kulikuwa na watu wawili ambao pombe ingekuja kuwabomoa.

Nusu fainali Garrincha akawafunga wenyeji Chile mawili, akatolewa nje kwa kumpiga teke mtu aliyemsumbua mechi nzima, akaruhusiwa kucheza fainali baada ya vikao na simu nyingi. Fainali akacheza ana homa. Brazil 3, Chekoslovakia 1. Alikuwa na miaka 28, na hapo ndipo kilele kilipoishia.

Magoti yalikuwa yanasagika. Kwa miguu ile, kila chenga ilikuwa inasaga mfupa. Madaktari walitaka apumzike, lakini Botafogo walikuwa wanalipwa fedha nyingi kwenye ziara za nje endapo Garrincha atakuwepo uwanjani, kwa hiyo akachomwa sindano za kortizoni na kuingia. Alipofanyiwa upasuaji mwaka 1964 ilikuwa imechelewa. Na mshahara? Ndugu yangu, huyu bingwa wa dunia mara mbili alikuwa anasaini mkataba mtupu, karatasi nyeupe, viongozi wanajaza kiasi wanachotaka. Aliona ni uungwana.

Unywaji wake wakati huo ulikuwa kitu cha kuchekesha. Akitoroka kambini inaandikwa kama utundu. Akirudi Pau Grande na kunywa na rafiki zake wa utotoni mpaka alfajiri, inasifiwa kwamba umaarufu haujambadilisha. Kila baa aliyoingia Rio alikuta amelipiwa. Mashabiki walimpenda kweli, wakamwita Furaha ya Watu, na mapenzi yao yalikuja kwenye glasi. Ukiangalia nyuma unaona dalili zote zilikuwa wazi. Alihitaji kunywa zaidi ili apate stimu ileile, akaahidi kuacha na kushindwa, na alipokaa bila kunywa mwili ukamtetemeka. Hizo ndizo dalili ambazo daktari yeyote leo anaziuliza.

Mwaka 1962 akampenda Elza Soares, mwimbaji wa samba, binti wa mtaa wa mabanda aliyepanda kwa sauti yake mwenyewe. Garrincha alikuwa na mke, Nair, aliyezaa naye mabinti wanane. Brazil nzima ikamgeukia Elza, ikamwita mvunja ndoa, wakampigia mawe nyumba. Mtu ambaye taifa lilimlaumu kwa kumharibu Garrincha ndiye pekee aliyekuwa anahangaika kumwokoa. Elza alikuwa anazunguka baa kwa baa, anawaomba wenye baa wasimuuzie. Fikiria, mwanamke nyota wa muziki anaingia kilabuni kuomba mume wake asiuziwe. Walikuwa wanamcheka. Baa moja ikikataa, ya pili inauza, na kama zote zimekataa yupo shabiki wa kumnunulia na kumpelekea.

Kombe la 1966 Uingereza alikwenda akiwa kivuli. Alifunga faulo dhidi ya Bulgaria, siku tatu baadaye wakafungwa 3-1 na Hungaria. Ilikuwa mechi yake ya 50 na ya mwisho kwa taifa, na ndiyo pekee aliyopoteza. Waliokuja kuwafungisha virago Brazil ni Ureno, na mabao mawili ni ya Eusébio, mtoto wa Msumbiji hapo jirani. Garrincha hakucheza.

Halafu ikaja Aprili 1969. Garrincha alikuwa anaendesha gari, ndani yupo mama mzazi wa Elza. Akagonga lori. Mama mkwe akafa. Kuanzia siku hiyo alikuwa anakunywa kwa sababu nyingine kabisa, na akajaribu kujiua. Wakahamia Roma mwaka 1970, nyumba yao Rio ikiwa imepigwa risasi wakati wa utawala wa kijeshi. Wakarudi. Desemba 1973 Brazil ikamfanyia mechi ya kumuaga pale Maracanã, watu zaidi ya 130,000, Pelé akacheza. Mwaka uliofuata uwanja mkubwa wa mji mkuu Brasília ukafunguliwa kwa jina lake. Watu walikuwa tayari kumpa uwanja, kumchangia fedha, kumwimbia. Mwaka 1976 wakapata mtoto wa kiume. Mwaka 1977 akampiga Elza, naye akaondoka. Simlaumu hata kidogo. Mwenye kuumwa ugonjwa huu anastahili tiba, na anayepigwa naye anastahili usalama wake. Haya hayagongani.

Sasa Greaves. Huyu alifunga mabao 44 kwa Uingereza katika mechi 57, akaikosa fainali ya 1966 baada ya kuumia, na mwaka 1971 akaacha mpira wa ngazi ya juu akiwa na miaka 31 tu. Baada ya hapo alizama. Alikunywa mchana na usiku, ndoa ikavunjika, akalazwa hospitali ya magonjwa ya akili. Ukiwaweka yeye na Garrincha pamoja mwaka 1977, ungeshindwa kusema nani atatangulia kaburini.

Mwaka 1978 Greaves akaacha. Alikuwa na daktari, na alipotoka hospitali alikuwa na pa kwenda: vikao vya AA, kile chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935. Huko anakaa na watu kama yeye, anasema jina lake na tatizo lake, anarudi kesho, na keshokutwa. Mke wake akarudi. Akaandika kitabu kukiri kila kitu, jambo ambalo mchezaji wa enzi ile hakulifanya. Akawa mtangazaji wa mpira anayependwa Uingereza nzima. Alifariki Septemba 2021 akiwa na miaka 81, miaka 43 bila tone.

Mtu atasema Greaves alikuwa mzungu wa London, ana bahati. Lakini AA ilikuwepo Rio tangu 1947, Garrincha akiwa bado kijana wa kiwandani. Mlango ulikuwepo katika jiji lake mwenyewe. Tatizo lilikuwa kati ya hospitali na mlango ule. Garrincha alilazwa mara nyingi mno miaka yake ya mwisho. Kila mara mtiririko ulikuwa uleule: anaokotwa hoi, anawekewa dripu, analishwa, wiki moja au mbili anapata nafuu ya mwili, anaruhusiwa, anarudi mtaa uleule kwa marafiki walewale. Alitolewa pombe mwilini. Baada ya hapo hakukuwa na mtu wa kumfuata nyumbani.

Februari 1980 shule ya samba ya Mangueira ikamheshimu kwenye kanivali. Akatolewa kwenye matibabu, akakalishwa juu ya gari la maonyesho mbele ya umati na televisheni. Waliotarajia kuona Furaha ya Watu waliona mtu aliyelemewa na dawa, ameinamisha kichwa, macho hayapo, hata mkono anashindwa kuupunga. Brazil ililia. Kesho yake maisha yakaendelea.

Hapo ndipo ninapoirudia Kilambo, maana yule winga wa mechi ya mbuzi naye yupo kati ya hospitali na mlango.

La kwanza ambalo kila kocha na kila mzazi alijue: mnywaji mkubwa wa nipa au gongo, wa kila siku kwa miaka, asifungiwe chumbani ili aache ghafla. Anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, na anaweza kufa. Apelekwe zahanati au kituo cha afya, na kutoka hapo apewe rufaa. Kwa sisi wa huku hiyo maana yake ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, au ile ya Kanda ya Kusini hapohapo Mtwara. Uliza huduma ya afya ya akili, usione haya kwa neno hilo. Kuna dawa za kumshusha taratibu kwa siku kadhaa, na vitamini B1 ambayo pombe huwa imeimaliza mwilini na ambayo ikikosekana ubongo unaharibika. Hizo ni siku za mwanzo tu, yaani pale ambapo Garrincha alikuwa anaishia kila mara.

La pili ni unga. Tusijifanye hatuujui. Kwa miaka mingi pwani hii ya Afrika Mashariki, mpaka kaskazini mwa Msumbiji, imekuwa njia ya heroini inayotoka Afghanistan kwa majahazi, na mzigo ukipita mahali huwa unamwagika kidogo. Teja akikosa kete anashikwa na arosto, na arosto ndiyo inayomrudisha kijiweni hata kama moyoni ameshachoka. Kwa huyo dawa ipo, inaitwa methadoni. Ni dawa ya kunywa, mara moja kwa siku, mbele ya muuguzi, bila malipo. Inaizuia arosto bila kumlewesha kama unga, ndipo mtu anapata nafasi ya kula, kulala, kutafuta kazi. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kufanya hivyo katika hospitali ya umma. Baadaye zikafuata Mwananyamala, Temeke, Dodoma chini ya Mirembe, Mbeya, Mwanza, Tanga na kwingineko, na Zanzibar ipo Kidongo Chekundu. Wengi wanaitumia kwa mwaka na zaidi, hilo si kosa, kama mwenye kisukari asivyoacha dawa yake. Ila ieleweke kwamba methadoni ni ya heroini na jamaa zake. Kwa pombe au bangi haifanyi kazi, usimsafirishe mlevi wa nipa mpaka Dar ukidhani atapewa hiyo.

Zipo pia nyumba za upataji nafuu, nyingi zikiwa Zanzibar, Dar na Tanga, nyingi zinaendeshwa na watu waliokuwa waraibu wenyewe. Mtu anakaa miezi kadhaa na wenzake, wanafuata hatua 12 zilezile zilizomtoa Greaves. Nyingi zinatoza ada ya mwezi. Kabla ya kulipa, familia iende ikaone: ulizeni kama imesajiliwa, kama kuna daktari anayepita, na kama mtu anafungwa au kupigwa, mrudisheni nyumbani.

Kama hujui uanzie wapi, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Watu wanadhani ni namba ya kuchongea wauzaji tu. Unaweza kuipiga kuuliza mahali pa kumpeleka mdogo wako.

Na akirudi je? Hapa mpira una kazi. Jamaa aliyetoka kwenye tiba anarudi Kilambo wiki ya kwanza ya msimu, rafiki zake wapo palepale chini ya mkorosho. Timu inaweza kumpa kazi ya jioni, saa ileile ya hatari. Afundishe watoto, achore mistari, abebe mipira. Mechi ya mbuzi inaweza kuisha kwa mbuzi na soda. Nilimweleza hilo kiongozi mmoja wa timu ya kijiji akaniuliza nani atakuja. Sikumjibu vizuri siku ile. Nadhani watakuja wale wanaopenda mpira, na wasiokuja walikuwa wamefuata kitu kingine tangu mwanzo. Akianguka tena, na wengi huanguka mara moja au mbili, anarudishwa hospitali, hafukuzwi. Mchezaji akichanika msuli kwa mara ya pili huwa hatumfukuzi.

Tarehe 19 Januari 1983 Garrincha alipelekwa hospitali kwa mara ya mwisho, jijini Rio, katika mtaa ambao unaitwa Botafogo kama klabu yake. Alikuwa ameshakunywa kwa siku kadhaa mfululizo. Alfajiri ya tarehe 20 akafariki, hana fahamu, pombe ikiwa imemlaza. Miaka 49. Mwili ukawekwa Maracanã, maelfu wakapita kuuaga, kisha gari la zimamoto likaubeba kurudi alikotoka, watu wamejaa kandokando ya barabara na madarajani kilomita kwa kilomita mpaka Pau Grande. Wengi wao bila shaka walishawahi kumnunulia.

Mtoto wao wa kiume alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1986, ana miaka tisa. Elza Soares aliendelea kuimba, akapanda jukwaani mpaka uzeeni, na heshima aliyonyimwa ujanani akaipata. Alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 91. Ilikuwa tarehe 20 Januari.